Maji Yakishapungua: Usalama Wakati wa Kusafisha Nyumba Baada ya Mafuriko

Kila mwaka, hasa katika masika ya Machi hadi Mei, na nyakati nyingine katika mvua za vuli, familia nyingi nchini mwetu huona maji yakiingia majumbani mwao. Wakazi wa bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam wanaifahamu hali hiyo kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoa uhai wa watu, na baadhi ya familia zilizopoteza makazi zilihamishiwa Mabwepande. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yaliingia katika nyumba na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti.

Mafuriko yanapotokea, macho ya wengi huelekea kwenye saa zile ambazo maji yanapanda: watu wanaookolewa, barabara zinazokatika, madaraja yanayobebwa. Maji yakipungua, habari nazo hupungua. Kwa familia yenyewe, hapo ndipo kazi ndefu inapoanza, na ndani ya kazi hiyo zimejificha hatari zisizoonekana kwa urahisi: umeme uliobaki katika ukuta uliolowa, ukuta unaokaribia kuanguka, shimo la choo lililofunikwa na tope, vijidudu vya maradhi ndani ya maji, na hewa yenye sumu katika chumba kilichofungwa.

Makala haya yanafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kabla ya kuvuka mlango hadi nyumba inapokauka. Yameandikwa kwa ajili ya kila mwamini, na kwa namna ya pekee kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kamati za Caritas parokiani, ambao mara nyingi huwa wa kwanza kufika kwa jirani aliyepatwa na janga. Kanuni inayoongoza maelezo yote ni moja: uhai kwanza, afya pili, mali baadaye.

Kwa nini watu hurudi mapema

Tumezoea kuwalaumu walioathirika kwa kurudi majumbani kabla ya wakati. Lawama hiyo haina msaada. Mtu anayeingia ndani ya maji usiku kutafuta godoro lake anajua kwamba ni hatari. Anaingia kwa sababu godoro hilo ni moja tu, kwa sababu wezi hawasubiri mapambazuko, kwa sababu mtaji wa biashara yake umo ndani ya kabati, na kwa sababu hana mahali pengine pa kulaza watoto. Methali yetu husema haraka haraka haina baraka, lakini mwenye njaa hawezi kungoja kwa kuambiwa methali.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ambao jirani anaweza kumpa aliyefurikwa ni muda. Familia iliyopewa mahali pa kulala kwa usiku mbili au tatu, chakula cha moto, na uhakika kwamba nyumba yake inalindwa, inaweza kusubiri mwanga wa mchana, fundi wa umeme na kupungua kwa maji. Familia isiyo na hivyo haiwezi kusubiri, hata ikisoma maelekezo yote yaliyomo katika makala haya. Ushauri na ukarimu ni lazima viende pamoja.

Kabla ya kuvuka mlango

Msirudi hadi viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watakapothibitisha kwamba eneo ni salama. Rudini mchana, wala mtu asirudi peke yake. Watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa wabaki mahali walipohifadhiwa.

Maji yanayotembea yasidharauliwe. Maji ya kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kina cha sentimeta 60 kinaweza kubeba magari mengi. Panapokuwa na maji yaliyotuama, tumieni fimbo ndefu kupima ardhi kabla ya kila hatua, kwa kuwa mfereji, kisima au shimo la choo lililopoteza mfuniko halionekani chini ya maji ya tope.

Mkifika, izungukeni nyumba kwa nje kabla ya kuingia. Angalieni kama msingi umechimbwa na maji, kama kuna nyufa mpya, kama ukuta umeinama au paa limelegea. Mlango uliokwama usivunjwe kwa nguvu. Huenda fremu yake ndiyo inayobeba uzito wa ukuta ulioshuka. Ndani, tazameni juu: dari iliyobonyea inaweza kuwa imebeba maji mengi, na huanguka kwa ghafla.

Nyumba za matofali mabichi, na zile za miti na udongo, zahitaji uangalifu zaidi. Udongo ukilowa hupoteza nguvu. Ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama siku ya kwanza na kuanguka siku ya tatu, jua linapowaka na udongo unapokauka na kupasuka. Hata kama vyumba vimesafishwa, mtu asilale kando ya ukuta uliolowa hadi fundi mwashi mwenye uzoefu, au mhandisi wa halmashauri, auangalie.

Umeme na gesi

Chumba chenye maji kisikanyagwe kabla ya kujulikana hali ya umeme. Iwapo swichi kuu inafikika pasipo kukanyaga maji wala kusimama mahali palipolowa, izimwe. Iwapo imo ndani ya nyumba yenye maji, isiguswe. TANESCO waarifiwe ili wakate umeme kwenye nguzo. Katika nyumba za kupanga, ambamo swichi kuu mara nyingi huwa upande wa mwenye nyumba, wapangaji wote wakubaliane nani anaizima, na mtu mwingine asiiwashe mpaka kazi imalizike.

Wengi hudanganyika kwamba umeme ukikatika mtaani, au uniti za LUKU zikiisha, nyumba imekuwa salama. Umeme wa mtaa unaweza kurudi wakati wowote, mtu akiwa ameshika waya. Usalama uko katika swichi kuu iliyozimwa. Waya ulioanguka barabarani au uani uchukuliwe kuwa una umeme. Watu wakae mbali nao kwa mita 10 au zaidi, na wasiguse ua, bati au maji yaliyogusana nao.

Maji yakishafika kwenye soketi, swichi au ekstensheni, fundi aliyesajiliwa avikague kabla umeme haujarudishwa. Friji, televisheni, pasi na feni zilizozama zisichomekwe kwa kujaribu kama bado zinafanya kazi. Tope lililobaki ndani huweza kuleta shoti na moto baada ya siku kadhaa. Mtu akipigwa na umeme, asiguswe kwa mikono. Kata umeme kwanza. Isipowezekana, msogeze kwa mti mkavu au plastiki kavu, nawe ukiwa umesimama mahali pakavu, kisha utafute msaada wa tiba mara moja. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mtungi wa gesi nao uangaliwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kukaa katika pembe za chumba. Mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala swichi yoyote. Fungueni milango, tokeni nje, na mfunge mtungi ikiwa mnaweza kuufikia bila hatari. Mtungi uliozama usitumike hadi wakala aangalie valvu, regileta na mpira wake.

Mavazi na vifaa

Majeraha mengi ya siku za usafi hutokana na vitu vidogo: msumari, kipande cha bati, chupa iliyovunjika. Kandambili haziwezi kuuzuia msumari. Anayesafisha avae mabuti ya mpira yenye soli nene, suruali ndefu, na glavu za mpira. Anayefagia tope lililokauka au kusugua ukungu avae barakoa na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa vumbi la tope hilo limebeba kila kilichokuwa ndani ya maji.

Vifaa hivi havipatikani katika kila nyumba, na si lazima kila nyumba ivinunue. Jumuiya yenye jozi kumi za mabuti, koleo, sepetu, reki, ndoo, toroli na mipira ya kusukumia maji inaweza kuvizungusha kwa kaya zote katika juma moja.

Kuondoa tope na kutakasa nyumba

Maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Yamepita katika majalala, mifereji, mazizi, karakana na vyoo. Katika miji yetu ipo pia desturi mbaya ya kutapisha vyoo wakati mvua kubwa inaponyesha, ili uchafu uchukuliwe na maji. Uchafu huo hauendi mbali. Huishia sebuleni kwa jirani aliye bondeni, kwenye sakafu ambayo watoto wake hutambaa. Anayetapisha choo chake huokoa gharama ya gari la kunyonya majitaka, na jirani hulipa gharama hiyo kwa afya yake. Jambo hilo linakatazwa na sheria za afya, na dhamiri ya Kikristo hailivumilii. Kwa sababu hiyo yote, tope la mafuriko litazamwe kama kinyesi, hata pale ambapo halinuki.

Kazi ifuate hatua hizi, bila kuruka yoyote:

1. Ondoeni maji na tope kwanza, mkianzia chumba cha ndani kuelekea mlangoni. Tope liondolewe likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka hushikamana na sakafu na kuleta vumbi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tope hupita kilo 30. Ijazwe nusu tu, mgongo usije ukaumia.

2. Osheni sakafu, kuta na samani ngumu kwa maji safi na sabuni, mkisugua hadi uchafu wote unaoonekana uishe.

3. Ndipo mtumie dawa ya klorini, ile ya maji inayouzwa madukani kwa kufulia na kusafishia. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanyeni nusu lita katika ndoo ya maji ya lita 20 kwa ajili ya sakafu na kuta. Mahali palipoingia kinyesi, tumieni kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Eneo likae likiwa limelowa kwa dakika 10, kisha lisuuzwe.

4. Acheni nyumba ikauke kabisa kabla ya kurudisha vitu ndani.

Wengi huanza na hatua ya tatu. Humwaga dawa juu ya tope wakiamini kwamba wameua vijidudu. Klorini huishiwa nguvu inapokutana na uchafu mwingi, hivyo dawa hupotea na vijidudu hubaki. Sabuni na kusugua ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi, klorini huimalizia.

Dawa hiyo ina hatari zake. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoweza kuharibu mapafu. Madirisha yawe wazi wakati wote. Someni nguvu ya dawa kwenye chupa, tengenezeni mchanganyiko mpya kila siku, na msiutie katika chupa za soda au maji, mtoto asije akaunywa.

Kukausha nyumba

Ukungu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali palipobaki na unyevu. Huwadhuru zaidi wenye pumu, watoto wachanga na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Hao wasiingie katika chumba chenye ukungu wala wasishiriki kuusugua. Fungueni milango na madirisha, sogezeni samani mbali na ukuta, inueni makabati juu ya matofali ili hewa ipite chini. Ukuta wa matofali ya saruji huhitaji majuma kadhaa kukauka hadi ndani. Anayeharakisha kupaka rangi au plasta mpya hufungia unyevu ndani, na ukungu hutokea tena.

Hapa pana hatari iliyokwisha kuondoa uhai wa watu wengi wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kwa nia ya kukikausha au kuota moto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na moshi usipoonekana si dalili ya usalama. Jenereta nayo iwekwe nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha. Mtu anayepata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu katika chumba chenye moto atolewe nje mara moja.

Kitupwe kipi, kibaki kipi

Hili ndilo fungu gumu kuliko yote kwa familia isiyo na akiba. Yafaa lifanywe kwa utulivu, na mtu mwingine akiwa karibu. Pigeni picha za kila kitu kabla ya kukitupa, kwa ajili ya taarifa ya serikali ya mtaa au bima kama ipo.

Unga, mchele, maharage, sukari, mboga na chakula chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe, hata kikikaushwa juani. Chupa za vifuniko vya kuzungusha nazo zitupwe, kwa kuwa maji machafu hupenya kwenye nyuzi za kifuniko. Makopo ya bati yaliyofungwa vizuri, yasiyobonyea, kuvimba wala kushika kutu, yanaweza kuoshwa kwa sabuni, kutiwa katika maji ya klorini na kutumika.

Dawa zote zilizolowa zitupwe. Wanaotumia dawa za kila siku, kama vile za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za shinikizo la damu au za kisukari, waende kituo cha afya siku hiyo hiyo wapatiwe nyingine. Kukatiza dawa hizo ni hatari kubwa, na wengine huona haya kusema kwamba zimepotea. Kiongozi wa jumuiya mwenye busara atauliza kwa faragha na kwa heshima, bila kutaka kujua ni dawa za ugonjwa gani.

Godoro la sponji lililoingiwa na maji yenye majitaka halisafishiki hadi ndani. Litupwe, pamoja na mito na vitu laini vya kuchezea watoto. Nguo, mashuka na vyandarua hubaki: vifuliwe kando na nguo nyingine. Nguo na mashuka vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Vyandarua vyenye dawa vianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali hupunguza nguvu ya dawa yake. Vyombo vya chuma, kioo na udongo uliong'arishwa hubaki vikioshwa na kutakaswa. Miiko na vibao vya mbao vyenye nyufa ni afadhali vitupwe.

Vinavyotupwa visipelekwe mtoni wala kwenye mfereji. Godoro lililotupwa leo mferejini litaziba njia ya maji katika mvua ijayo.

Maji, visima na vyoo

Maji ya bomba, ya kisima au ya tangi lililofurikwa yasinywewe, yasioshee matunda wala kupigia mswaki kabla ya kutibiwa. Yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1 nzima. Penye uhaba wa kuni au mkaa, tumieni vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard kwa kufuata kipimo kilichoandikwa, na msubiri dakika 30. Maji yanayonuka petroli au dawa za mashambani yasitumike kabisa, kwani kuchemsha hakuondoi kemikali.

Kisima kifupi kilichoingiwa na maji ya mafuriko kitibiwe kwa maelekezo ya wataalamu wa maji wa halmashauri. Mtu asiingie ndani ya kisima wala shimo la choo kukisafisha. Hewa iliyo chini huweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi yenye sumu, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye. Kabla ya kutumia choo cha shimo, kagueni bamba lake na udongo unaolizunguka. Ardhi iliyolowa huweza kuwa tupu kwa chini huku juu ikionekana imara.

Majeraha, nyoka na maradhi

Kila jeraha, hata dogo, lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni na kufunikwa. Jeraha la msumari, la kina au lenye tope lipelekwe kituo cha afya, ili mgonjwa aangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Nyoka, nge na panya hutafuta pakavu kama sisi. Inueni vitu kwa fimbo au reki, si kwa mikono mitupu. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali haraka. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kukaza.

Maradhi matatu yanahitaji kukumbukwa. La kwanza ni kipindupindu, ambacho dalili zake huweza kuanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kuambukizwa. Anayeharisha maji mengi aanze kunywa maji ya ORS papo hapo, akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Pasipo na pakiti za ORS, changanyeni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko, katika lita 1 ya maji safi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa.

La pili ni homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosi. Wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wake mkoani Lindi. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, hasa panya, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua na mdomo. Dalili zake, yaani homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, hasa ya ndama za miguu, na macho mekundu, hufanana na za malaria, na kwa kawaida hutokea siku 5 hadi 14 baada ya kugusa maji machafu, ingawa zinaweza kuchelewa hadi mwezi mmoja. Hutibika kwa dawa za antibayotiki, lakini tabibu hawezi kuifikiria asipoambiwa. Kwa hiyo yeyote anayepata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya mafuriko aseme wazi: nilisafisha nyumba iliyoingiwa na maji.

La tatu ni homa zinazoletwa na mbu. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 10. Maji yaliyobaki katika makopo, matairi na mashimo yamwagwe au kufukiwa kabla ya juma kwisha, na watu walale ndani ya vyandarua hata kama wamehifadhiwa kwa muda katika ukumbi wa parokia au darasani. Kwa ushauri wa afya, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Nyaraka zilizolowa

Vyeti na hati zilizolowa zisisuguliwe wala kuanikwa kwenye jua kali. Ziwekwe moja moja kati ya karatasi kavu zinazonyonya maji, zibadilishwe mara kwa mara, na zikauke kivulini penye upepo. Zilizopotea zitolewe taarifa polisi kwanza, kwa maana ofisi nyingi hudai uthibitisho wa upotevu kabla ya kutoa nakala. Vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa na RITA, na vitambulisho vya taifa na NIDA. Cheti cha ubatizo kikipotea, sakramenti haikupotea wala kumbukumbu yake: daftari la ubatizo hutunzwa katika parokia alikobatizwa mwamini, na ofisi ya parokia huweza kutoa cheti kingine.

Wajibu wa jumuiya kabla ya masika

Yote yaliyotangulia yanakuwa mepesi pale ambapo maandalizi yalifanyika mvua ingali mbali. Kila jumuiya iliyo katika eneo la hatari inaweza, katika mkutano wake mmoja, kukamilisha mambo haya:

- orodha ya kaya zilizo bondeni, pamoja na majina ya wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wenye ulemavu na wajawazito;
- makubaliano ya kaya zipi za mahali pa juu zitapokea familia zipi, na kwa usiku wangapi;
- zamu ya vijana, kwa kushirikiana na mwenyekiti wa mtaa na ulinzi shirikishi, ya kulinda nyumba zilizoachwa;
- vifaa vya usafi vya pamoja, na mtu anayevitunza;
- jina na simu ya fundi umeme, fundi mwashi na mhudumu wa afya wa jamii;
- mtu mwenye ufunguo wa ukumbi wa parokia au kigango, anayepatikana hata usiku wa manane.

Orodha hiyo isiwabague watu kwa dini. Maji hayaulizi nani ni Mkatoliki na nani ni Mwislamu anapoishi kando ya mto ule ule, na msaada wetu usiulize hilo pia.

Kazi ya kusafisha ikiisha, familia bado hubeba majonzi. Wapo watoto wanaoshtuka kila wingu linapotanda, na akina baba wanaonyamaza kwa aibu ya kushindwa kulinda nyumba. Waendelee kutembelewa baada ya tope kuondoka. Kumkaribisha asiye na makao, kumlisha mwenye njaa, kumvika asiye na nguo na kumtazama mgonjwa ni matendo ya huruma tunayofundishana tangu katekesi ya kwanza. Katika siku za mafuriko, matendo hayo huonekana kama chumba kilichotolewa kwa jirani, jozi ya mabuti iliyoazimwa, na mtu anayemshika mwenzake mkono mlangoni na kumwambia: ngoja, umeme haujakatwa.